Kusoma maabara ya tiba au sayansi ya biomedikali: shahada mbili zinazokaribiana jina, zinazoachana kazini

Mtoto wa miaka miwili analetwa hospitalini akiwa amevimba vidole vya mikono na miguu, analia kila akiguswa. Daktari anahisi selimundu. Damu inatolewa, inatiwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, na fomu inafika dirishani kwetu maabara.

Kuanzia hapo tyubu ile ina maswali mawili. La kwanza ni la daktari na linataka jibu leo: mtoto huyu ana selimundu au hana? La pili halina haraka, lakini ni zito kuliko la kwanza: kwa nini mtoto huyu amelazwa mara nne katika miaka yake miwili, wakati yupo mtu mwingine mwenye selimundu hiyohiyo aliyefika utu uzima akiwa amelazwa mara chache tu?

Aliyesoma sayansi ya maabara ya tiba amefundishwa kujibu swali la kwanza na kuweka saini chini ya jibu lake. Aliyesoma sayansi ya biomedikali amefundishwa kulifuatilia swali la pili, hata likimchukua miaka kumi. Vijana wengi wanaomaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wanazichukulia shahada hizi mbili kama kitu kimoja chenye majina mawili, wanajaza ile iliyo na nafasi, na tofauti wanakuja kuigundua wakiwa wameshavaa joho.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimekaa kwenye benchi la hospitali Kanda ya Ziwa kwa miaka kumi na moja, na kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka simu yangu haitulii: wazazi, wajomba, walimu, na safari hii binti wa kaka yangu. "Shangazi, biomedikali na maabara, nichukue ipi?" Nilimjibu kwa saa nzima, na mengi ya niliyomwambia ndiyo haya.

Jina linavyopoteza watu

Neno "biomedikali" hubadilika maana kila unapovuka mpaka. Katika hospitali za Tanzania ukisema "mwite mtu wa biomedikali", atakuja fundi wa vifaa tiba na begi lake la bisibisi, kwa sababu mashine ya oksijeni imegoma. Huyo alisoma uhandisi wa vifaa tiba, kozi nyingine kabisa iliyojaa fizikia na umeme, na ni kazi nzuri mno kwa anayependa mashine, ila siyo tunayoizungumzia hapa.

Kenya, vyuo vikuu vya Maseno na Egerton vina shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Biomedikali, wakati JKUAT na vingine vina shahada ya Sayansi ya Maabara ya Tiba. Uganda, Makerere wana Shahada ya Teknolojia ya Maabara ya Biomedikali iliyowekwa chini ya koleji ya tiba ya wanyama, jambo ambalo mwombaji hawezi kulibaini kwa kusoma jina peke yake. Ukienda Uingereza mambo yanageuka tena: kule "mwanasayansi wa biomedikali" ndiye mtu wa maabara ya hospitali hasa, yaani mimi, na jina hilo linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo.

Hapa Tanzania, anayetaka maabara ya tiba kwa ngazi ya shahada anaweza kutazama Muhimbili (MUHAS) Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha KCMC kule Moshi, au CUHAS iliyo Bugando, Mwanza. Anayetaka kile ambacho Wakenya wanakiita biomedikali ataangukia kwa ndugu zake wa karibu: Baiolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au Bayoteknolojia na Sayansi ya Maabara ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo nikisema "biomedikali" katika makala haya, nina maana ya kozi za namna hii, za kuuchunguza mwili na ugonjwa kama sayansi, pasipo kukuandaa kumpima mgonjwa wa leo.

Darasani na kwenye benchi

Mwanzoni hutaona tofauti kubwa. Anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobaiolojia, takwimu: wote mnazipitia, wote mnalalamikia biokemia. Mnaachana baadaye, na mnaachana kwa mikono kabla ya kuachana kwa vitabu.

Mwanafunzi wa maabara anaanza kuzungushwa: hematolojia, benki ya damu, kemia ya kliniki, parasitolojia, mikrobaiolojia ya wagonjwa, histopatholojia. Anajifunza kwamba kusoma slaidi ya malaria siyo kuchungulia darubini na kusema "sioni kitu". Anatazama maeneo 100 kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, na akiviona anavihesabu dhidi ya chembe nyeupe 200. Anajifunza kwamba asubuhi, kabla ya sampuli ya mgonjwa wa kwanza, mashine inapitishiwa sampuli ya udhibiti ambayo majibu yake yanajulikana, na nukta inawekwa kwenye chati ya Levey-Jennings, inayoonyesha kama mashine bado inapima sawasawa. Nukta ikitoka nje ya mipaka, mgonjwa hapimwi kwenye mashine ile hata kama foleni imefika getini. Kwa mtoto wetu wa vidole vilivyovimba, atafanya elektroforesisi ya hemoglobini, yaani kuzitenganisha kwa umeme aina za protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ataona hemoglobini S imejitenga na A kwenye utepe, na atajua kwamba kwa kichanga majibu yanahitaji jicho la ziada kwa sababu damu yake bado imejaa hemoglobini ya tumboni, ile inayoandikwa F.

Mwanafunzi wa biomedikali ataijua elektroforesisi hiyohiyo, lakini ataisukuma mbele. Atafundishwa kwamba selimundu yote inatokana na kosa la herufi moja ya DNA, linalofanya nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa hemoglobini ipate valini badala ya asidi ya glutamiki. Ataulizwa: kosa likiwa moja, kwa nini wagonjwa hawafanani? Ataongozwa hadi kwenye hemoglobini F, kwamba wanaobaki nayo kwa wingi huwa na nafuu, na ndiyo sababu dawa ya hydroxyurea inayoiongeza husaidia. Atakutana na jeni inayoitwa BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizima hiyo F mtoto anapokua, na atasoma jinsi watafiti walivyoona kwamba wakiizima yenyewe, F inarudi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu iliyojengwa juu ya wazo hilo, kwa kuhariri jeni za seli za mgonjwa mwenyewe. Bei yake iko mbali sana na mkulima wa Sengerema, na hilo nalo ni swali linalomngoja mtafiti wa kwetu.

Nakaa kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa sababu selimundu ni ugonjwa wetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, na sisi wa ukanda wa ziwa tunaujua kwa majina ya jirani zetu. Hata ule uhusiano wake na malaria uligunduliwa kwa damu za watu wa huku. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima watu, akaona jeni hii ni nyingi kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, penye mbu wengi, na ni adimu nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Vifaa vyake vilikuwa vichache kuliko vya maabara ya wilaya ya leo. Alichokuwa nacho ni swali la pili.

Mfano mwingine, kwa ufupi. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, hunasa protini ya kimelea iitwayo HRP2. Mtu wa maabara mwenye umakini anaweza kukuta mRDT inasema hakuna, slaidi inaonyesha wapo. Ataandika majibu ya slaidi, mgonjwa atapata dawa, na yeye ametimiza wajibu wake. Mtu wa biomedikali ndiye atakayeichukua damu ile na kukuta kwamba kimelea kimepoteza jeni ya hiyo protini, kama ilivyoonekana Peru na baadaye Eritrea. Ni wenzake hao waliofuatilia badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, linalopunguza kasi ya dawa mseto kumaliza vimelea: liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na sasa linajulikana kuwepo Kagera pia. Kazi hiyo haimponyi mgonjwa mmoja aliye mbele yako. Inaamua nchi nzima itumie dawa gani.

Saini

Hapa naomba usome polepole.

Majibu ya maabara ni hati. Daktari anakata mguu, anaongeza damu, anaanzisha ARV kwa kuiamini karatasi ile, na kwa hiyo sheria inataka ijulikane nani ameisaini. Tanzania ina Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007, yenye baraza lake. Kenya ina bodi yake, KMLTTB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Bila kusajiliwa hufanyi kazi ya kupima wagonjwa, na usajili hautazami akili yako wala alama zako peke yake. Unatazama kama kozi uliyosoma inatambuliwa na kama ulizungushwa kwenye maabara za hospitali kwa kiasi kinachotakiwa.

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari, mwerevu kunishinda. Alipata nafasi ya biomedikali nje ya nchi, akarudi na shahada ya daraja la kwanza. Aliomba kazi ya maabara hospitalini akitaraji kuanza mwezi uleule. Akaambiwa masomo ya hematolojia na benki ya damu hayatoshi, na mafunzo ya vitendo hospitalini hana. Hakuna aliyemwonea, kozi yake haikujengwa kwa kazi ile. Tatizo ni kwamba chuo kilichompokea kilikuwa kimemwonyesha picha za watu waliovaa makoti meupe wakishika tyubu, na hakuna aliyemweleza kwamba koti jeupe peke yake siyo leseni. Alikaa nyumbani karibu miaka miwili. Leo yuko kwenye mradi wa utafiti na anaipenda kazi yake kwa dhati, lakini ile miaka miwili mama yake alikuwa akiulizwa kanisani mtoto yuko wapi, na alikuwa hana la kusema.

Basi kabla ya kulipa chochote, uliza chuo: kozi hii inatambuliwa na baraza la nchi ninayotaka kufanya kazi? Usiridhike na "ina ithibati", kwa maana ithibati ya chuo ni jambo moja na kutambuliwa na baraza la taaluma ni jambo jingine. Uliza wiki ngapi mwanafunzi anakaa kwenye maabara ya hospitali, na hospitali ipi. Uliza waliomaliza mwaka jana wamesajiliwa kwa cheo gani. Wakikujibu kwa mzunguko, piga simu barazani mwenyewe. Wanapokea, na swali lako siyo la kijinga.

Kwa upande wa sifa za kujiunga, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hutoka kila mwaka na ndio neno la mwisho kwa Tanzania. Waliosoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia) wausome mapema kuliko wengine, maana kozi nyingi za afya zinadai fizikia, na wapo wanaolijua hilo wakiwa wameshaziba nafasi zote kwenye fomu.

Mlango mmoja mpana, mwingine mwembamba

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua, na sijaona likisemwa wazi vya kutosha. Njia za kutoka shahada moja kwenda nyingine hazilingani.

Mtu wa maabara ya tiba akitaka utafiti baadaye, anasoma shahada ya uzamili, ya mikrobaiolojia, ya imunolojia, ya baiolojia ya molekuli, na anapokelewa. Taasisi za utafiti zinawapenda watu wa namna hii, kwa sababu mikono yao imeshazoea nidhamu: wanaweka lebo, wanaandika daftari, hawachanganyi sampuli. Ukienda NIMR, Ifakara, taasisi ya utafiti ya KCMC au KEMRI kule Kilifi, utawakuta wengi walioanzia benchi la hospitali.

Mtu wa biomedikali akitaka kurudi kwenye maabara ya hospitali, anakuta mlango mwembamba. Mara nyingi ataambiwa asome masomo ya nyongeza, au aanze shahada nyingine. Inawezekana, lakini inamgharimu muda na ada.

Kwa hiyo kijana asiye na uhakika, anayesema "napenda sayansi ya mwili lakini sijui nitapenda nini", mimi namwelekeza maabara ya tiba. Siyo kwa sababu ni bora. Ni kwa sababu inamwachia njia zote mbili.

Ila kuna kijana ambaye sitamwambia hivyo. Kazi yetu ni ya kurudia. FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ya themanini kwa siku inatakiwa kupata uangalifu uleule wa FBP ya kwanza, na zamu ya usiku saa tisa damu ya kuongezewa mama aliyejifungua inataka uioanishe kana kwamba umetoka kulala usingizi wa saa nane kamili. Kuna watu wenye akili nyingi ambao kurudia kunawaua. Wanaanza kufupisha hatua, wanaanza kukisia. Mtu wa namna hiyo kwenye benki ya damu ni hatari, na yeye mwenyewe atakuwa na huzuni miaka yote. Biomedikali itamfaa zaidi, pamoja na mateso yake: kule PCR, kipimo cha kuzidisha vipande vya DNA, inaweza kukukatalia wiki nzima bila kukuambia kwa nini, na matokeo ya miezi sita yanaweza kuwa "hapana, tulikosea tangu mwanzo". Anayeweza kupokea "hapana" ya namna hiyo na kesho akaamka na swali jipya, huyo ana moyo wa utafiti.

Wanaotaka kuwa madaktari

Wengi wanaouliza kuhusu biomedikali, ukiwachimba, walitaka udaktari na alama hazikutosha. Wameambiwa kwamba hii ni ngazi ya kupandia. Uingereza ipo njia ya mhitimu wa shahada ya kwanza kusoma udaktari kwa miaka minne, ina ushindani mkali, na Marekani shule za udaktari ni za wenye shahada tayari, ndiyo maana biomedikali kule ni maarufu. Wanaotusimulia wakiwa huko wanasema kweli ya huko.

Kwetu hesabu ni nyingine. Udaktari Tanzania ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Ukitanguliza shahada ya miaka 3, unazungumzia miaka 9 kabla ya kuitwa daktari kamili, endapo utapata nafasi na endapo kuna wa kulipa awamu ya pili. Kama udaktari ndio unaokuamsha usiku, kaa na familia mzungumzie kurudia mtihani mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kurudia ni mfupi kuliko mitatu ya kusoma kitu unachokiona kama kituo cha basi. Nimefanya kazi na watu wanaoitazama maabara namna hiyo. Unawajua kwa jinsi wanavyoshika pipeti.

Kazi na mshahara

Maabara ya tiba ina waajiri wengi waliotawanyika: hospitali za serikali, za madhehebu ya dini, za binafsi, vituo vya afya, mpango wa damu salama, maabara za rufaa. Matangazo ya serikali hutaja cheo chenyewe na hudai usajili. Hilo halina maana kwamba ajira inakusubiri getini. Wapo wahitimu wa maabara wanaojitolea miaka wakingoja kibali kitoke. Lakini ujuzi wako unauzika hata kwenye mji mdogo, na mtaani kwako mtu anajua wewe unafanya nini.

Biomedikali ina waajiri wachache na wamejikusanya: taasisi za utafiti, vyuo vikuu, mamlaka za dawa, viwanda vichache vya dawa na chanjo, kampuni za kuuza mashine na vitendanishi. Mishahara ya miradi mara nyingi inaizidi ya hospitali, na mikataba inakwenda na fedha za mfadhili. Mradi ukifunga, mkataba umekwisha. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona wenzetu wa miradi ya VVU Afrika Mashariki wakirudi nyumbani katikati ya mwezi. Watu wa maabara walioajiriwa na miradi hiyo nao waliumia, lakini waliokuwa na leseni walikuwa na pa kugonga hodi.

Tena, biomedikali kwa shahada ya kwanza peke yake ni safari ya nusu. Uzamili karibu ni lazima, na anayetaka kuongoza utafiti wake mwenyewe ajiandae kwa uzamivu. Panga fedha na umri wako ukilijua hilo tangu leo, hasa binti ambaye nyumbani ameshaanza kuulizwa ataolewa lini. Maswali hayo yapo, na ni afadhali kuyatazama usoni mapema.

Wanaotazama nje

Kwa Uingereza, shahada ya biomedikali ni miaka 3, Scotland 4. Zipo zenye ithibati ya IBMS, chama cha taaluma hii kule, na zisizo nayo, na tofauti hiyo ina uzito kuliko sifa ya chuo chenyewe. Hata iliyo na ithibati haikusajili moja kwa moja: unatakiwa ukamilishe kitabu cha umahiri ndani ya maabara iliyoidhinishwa, ndipo uombe usajili HCPC, baraza la usajili la kule. Nafasi hizo ni za kugombaniwa. Kozi ambazo mafunzo ya hospitali yamo ndani tangu mwanzo zina thamani kubwa, kwa hiyo tazama kama ipo kabla ya kutazama picha za mabweni. Mwanafunzi wa kigeni analipa ada ya kigeni, na kubaki bila kitabu kile baada ya ada ile ni maumivu.

Marekani, biomedikali kwa kawaida ni maandalizi ya shule za juu. Anayetaka benchi la hospitali anafuata sayansi ya maabara ya tiba na mtihani wa ASCP, chama cha patholojia cha kule.

Oman na Falme za Kiarabu, ambako wengi wa pwani wana ndugu, wanaajiri watu wa maabara kutoka nje. Lakini wanahakiki vyeti vyako kutoka chanzo chake, wanakutahini, na wanataka leseni ya kwenu pamoja na uzoefu wa kazi. Shahada ya biomedikali isiyokupa leseni nyumbani ni vigumu ikupe leseni kule.

Kabla hujajaza fomu

Kama umetokea kidato cha nne, ipo pia stashahada ya maabara kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Wanaopitia huko na kuja shahada baadaye hufika wakiwa na mikono tayari, na mara nyingi ndio wanaotufundisha sisi tuliotoka moja kwa moja kidato cha sita jinsi ya kutoa damu kwa mtoto asiyetulia. Usiione njia hii kama aibu.

Ukichagua maabara, anza chanjo ya homa ya ini B mapema. Ni dozi tatu, na ratiba yake ya kawaida inachukua miezi sita. Usisubiri chuo kikukumbushe ukiwa umeshashika sindano.

Halafu tembelea. Hakuna maelezo yanayofikia kusimama humo ndani siku mbili. Binti wa kaka yangu nilimwombea ruhusa kwa mkuu wa maabara, akaja akavaa koti, nikamkataza kugusa chochote na kusoma majina ya wagonjwa. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya mwenzangu wa hematolojia kuanzia saa mbili asubuhi. Kufika saa sita nilimwona anaegemea ukuta. Nikadhani amechoka kusimama, maana kazi hii inataka miguu.

Siku ya pili, jioni, tulikuwa tunatoa kwenye friji tyubu za siku zilizopita ambazo muda wake wa kuhifadhiwa umekwisha. Akauliza zinakwenda wapi. Nikamwambia zinauliwa vijidudu kwanza kwenye mvuke, kisha zinachomwa.

Akazitazama zile rafu. Zilikuwa tyubu mia na kitu, kila moja na kifuniko chake cha zambarau.

"Zote, shangazi? Hakuna mtu anayetaka kujua kingine kuhusu hizi?"

Usiku ule tuliifungua upya orodha yake ya vyuo, akaipandisha UDSM kutoka namba tatu hadi namba moja.